Programu imegoma kuongea na databesi? Kwanza jua nani kalalamika

Hali ya kawaida iko hivi: mtu anatuma picha ya skrini yenye kosa la mistari 80, kazungushia duara mstari wa juu kabisa, anauliza "wakuu tatizo nini hapa?" Na ule mstari wa juu mara nyingi hauna habari yoyote, unasema tu kuna kitu kimeshindikana. Habari yenyewe imejificha kwingine. Kwenye Java shuka mpaka `Caused by` ya mwisho kabisa. Kwenye Python ni kinyume, kosa la asili liko juu ya ile sentensi inayoanza `The above exception was the direct cause`, kwa hiyo unapanda badala ya kushuka. Hili tu likikukaa kichwani umeshaokoa masaa.

Kati ya programu yako na data kuna tabaka kama tano: ORM, yani laibrari inayogeuza msimbo wako kuwa SQL (Hibernate, SQLAlchemy, Django, Eloquent, Entity Framework, GORM, Prisma na wenzake), alafu akiba ya koneksheni, yani zile koneksheni zinazowekwa wazi zikisubiri kazi, alafu draiva, yani kipande kinachojua kuongea na aina ya databesi yako, alafu mtandao, ndo unafika kwenye seva. Kila tabaka lina sauti yake likilalamika, na ukijua sauti ni ya nani umeshamaliza nusu ya kazi, maana unajua sehemu gani HAINA tatizo.

Mfano kwa PostgreSQL ukiona kodi ya herufi tano kama `28P01` (paswedi sio), `42P01` (jedwali halipo) au `23505` (umerudia kitu kinachotakiwa kiwe cha kipekee), hiyo kaongea seva mwenyewe. Maana yake anwani iko sawa, mtandao unapita, draiva inafanya kazi, kwa hiyo acha kuhangaika na faya-woli. Kwa MySQL angalia namba: za elfu moja na kitu zinatoka kwenye seva (1045 umekataliwa kuingia, 1146 jedwali halipo, 1040 koneksheni zimejaa), za elfu mbili na kitu zinatoka upande wako, kwa draiva (2002 na 2003 hajafika kabisa, 2006 na 2013 alifika alafu wakakatiwa katikati). Namba za seva hakuna lugha ya programu inayozibadilisha, iwe PHP iwe Go ni zile zile, ila za elfu mbili utaziona kwa draiva zinazotumia laibrari ya C na zinazoiiga, kama za PHP na Python; Go na Java zinasema hali hiyo kwa maneno yao wenyewe.

Inasema draiva haipo na wewe umeshaiinstoo

Hii ndo rahisi kuliko zote ila inatesa sana wanaoanza, kwa sababu kila lugha inaisema kivyake.

PHP inasema `could not find driver`. PDO, yani njia ya PHP ya kuongea na databesi, ipo, ila kipande cha databesi yako, `pdo_mysql` au `pdo_pgsql`, hakijawashwa. Na hapa kuna mtego: PHP ya kwenye tamino na PHP inayohudumia wavuti mara nyingi zinasoma mafaili mawili tofauti ya `php.ini`. Ndo maana `php artisan migrate` inapita vizuri kabisa alafu ukifungua kwenye brauza inakufa, au kinyume chake. Weka `phpinfo()` kwenye ukurasa, soma pale juu ni faili gani limesomwa, linganisha na `php --ini` ya tamino.

Go inasema `sql: unknown driver "postgres" (forgotten import?)`, na kwa kweli inakuambia jibu humo humo. Draiva za Go zinajisajili zenyewe pale pakeji inapoitwa, kwa hiyo unahitaji ile impoti yenye kistari cha chini mbele, `_ "github.com/lib/pq"`. Ukihamia pgx jina la kusajili ni `pgx` sio `postgres`, watu wanabadilisha impoti wanasahau jina.

Java inasema `No suitable driver found for jdbc:...`. Tangu JDBC (njia ya Java ya kuongea na databesi) 4.0 iliyokuja na Java 6 huhitaji tena `Class.forName`, draiva inajitambulisha kupitia faili dogo ndani ya jar, `META-INF/services/java.sql.Driver`. Sasa ukifungasha kila kitu kwenye jar moja kubwa na una draiva mbili, faili la mmoja linafuta la mwenzake, na unakuta kwenye IDE inakimbia ila jar haikimbii. Kwa Maven Shade ongeza `ServicesResourceTransformer` ili yaunganishwe badala ya kufutana. Ila kabla ya yote hayo hakikisha URL haina herufi iliyokosewa, maana `jdbc:postgres:` badala ya `jdbc:postgresql:` inaleta kosa hilo hilo.

Python: `pg_config executable not found` wakati wa kuinstoo psycopg2 maana yake pip inajaribu kuijenga kutoka mwanzo na haioni vifaa vya PostgreSQL kwenye mashine. Kwa majaribio weka `psycopg2-binary` uendelee na maisha. Na kama ulikuwa na SQLAlchemy ya zamani ukapandisha mpaka 1.4 au zaidi ikaanza kusema `Can't load plugin: sqlalchemy.dialects:postgres`, tatizo ni URL inayoanza na `postgres://`, wameitoa, inatakiwa `postgresql://`. Kuna huduma nyingi za kuhosti zinakupa ile ya zamani kwenye mazingira, kwa hiyo inabidi uibadilishe mwenyewe kabla hujaipa SQLAlchemy.

Draiva ipo ila haiungani

Hapa tofautisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku. `Connection refused` inakuja papo hapo, maana yake umefika kwenye mashine ila hakuna anayesikiliza kwenye hiyo poti. Kungoja sekunde nyingi alafu ndo ikate, hiyo ni kwamba pakiti zako zimemezwa njiani, karibu siku zote faya-woli au anwani ambayo haifikiki. Ya kwanza angalia kama seva imewaka na poti ni sahihi (5432 PostgreSQL, 3306 MySQL, 1433 SQL Server, 1521 Oracle), ya pili angalia mtandao.

Alafu kuna hili neno `localhost`, ambalo naomba tulichukulie kwa uzito kwa sababu lina maana tatu tofauti kutegemea nani anaisoma.

Draiva za MySQL zinazotumia laibrari ya C, pamoja na PHP, zikiona `localhost` haziendi kwenye mtandao kabisa, zinatafuta faili la soketi kwenye diski. Ndo unapata `SQLSTATE[HY000] [2002] No such file or directory` unabaki unajiuliza faili gani wakati mimi naongelea databesi. Andika `127.0.0.1` badala yake uone.

Node 17 na 18, `localhost` inaweza kutafsiriwa kuwa `::1`, anwani ya IPv6, na databesi yako inasikiliza IPv4 peke yake. Kosa linaandika `ECONNREFUSED ::1:5432` na ukiona hizo nukta pacha hapo jibu umelipata, dawa ni ile ile `127.0.0.1`.

Na ndani ya kontena la Docker `localhost` ni kontena lenyewe, sio kompyuta yako. Hili liliwahi kunikalisha usiku mzima, programu ndani ya kontena, databesi ndani ya kontena lingine, kutoka kwenye kompyuta yangu naingia kwa psql bila shida, programu inakataa, nikabadilisha paswedi mara nne wakati kosa lilikuwa `Connection refused` na paswedi haijawahi hata kuulizwa. Kama unatumia Docker Compose jina la hosti ni jina la huduma uliloandika kwenye faili, mfano `db`, na poti ni ile ya ndani ya kontena, sio ile uliyoifungua kwa nje. Yani kama uliandika `5433:5432`, programu iliyo ndani inatumia 5432.

Kitu kingine kinachofichama: paswedi yenye alama ndani ya URL. Tuseme paswedi ni `Siri@2#x`, ukaiandika hivi:

```
postgresql://app:Siri@2#x@db:5432/mauzo
```

Msomaji wa URL anaona @ ya kwanza, anaona #, anachanganyikiwa mwisho wa paswedi uko wapi, unaletewa kosa kuhusu jina la hosti ambalo hujawahi kuliandika. @ inatakiwa iwe `%40`, # iwe `%23`, / iwe `%2F`. Kwa hiyo hapo ni `Siri%402%23x`. Kama kosa linataja hosti ya ajabu inayofanana na kipande cha paswedi yako, usitafute kwingine.

Paswedi ni sahihi, ukiingia kwa mkono inakubali, draiva inakataliwa

Hii mara nyingi sio paswedi, ni namna ya kuthibitisha paswedi. Seva imepandishwa toleo, draiva imebaki ya zamani, hawaelewani lugha.

MySQL 8 ilibadilisha njia ya kawaida kuwa `caching_sha2_password`. Ile pakeji ya zamani ya Node inayoitwa `mysql` haiijui, inatoa `ER_NOT_SUPPORTED_AUTH_MODE`, hamia `mysql2`. PyMySQL inaijua ila inataka uinstoo na pakeji ya `cryptography`. Java inasema `Public Key Retrieval is not allowed`, na hapo mitandaoni utaambiwa uongeze `allowPublicKeyRetrieval=true` uendelee. Kwenye kompyuta yako sawa, ila kwa seva ya ukweli washa TLS (koneksheni iliyosimbwa), kwa sababu ile ruhusa bila TLS inampa mtu aliyekaa katikati nafasi ya kukupa ufunguo wake yeye.

PostgreSQL toka toleo la 14 inahifadhi paswedi kwa `scram-sha-256`. Draiva ya zamani ya Java inasema `The authentication type 10 is not supported`, zinazopita kwenye libpq, laibrari ya C ya PostgreSQL, zinasema `SCRAM authentication requires libpq version 10 or above`. Pandisha draiva. Tafadhali usirudishe seva kwenye md5, njia ya zamani, ili draiva ya zamani ifurahi, nimeona watu wanafanya hivyo na wanasahau hapo hapo.

.NET nayo: Microsoft.Data.SqlClient kuanzia toleo la 4.0 inasimba koneksheni bila kuulizwa, kwa hiyo programu iliyokuwa inakimbia miaka inaanza kulalamika kwamba cheti hakiaminiki, `The certificate chain was issued by an authority that is not trusted`. Dawa nzuri ni kuweka cheti halali, `TrustServerCertificate=true` ni ya mashine ya majaribio.

Inafanya kazi vizuri, watu wakiwa wengi inaganda

Hapa ndo penyewe. Dalili: programu imewaka, kwa saa moja au mbili kila kitu safi, alafu taratibu maombi yanaanza kungoja, mwisho yanakufa yote. Ukiiwasha upya inapona. Inarudia. Meseji zinakuwa hivi:

SQLAlchemy: `QueuePool limit of size 5 overflow 10 reached, connection timed out, timeout 30.00`. HikariCP ya Java: `Connection is not available, request timed out after 30000ms`. Prisma: `P2024`. Hizi zote tatu kaongea mwenye akiba, sio databesi. Databesi inawezekana haina hata kazi muda huo. Ila ukiona `FATAL: sorry, too many clients already` au `Too many connections` hapo kaongea seva, PostgreSQL kwa kawaida inaruhusu koneksheni 100, MySQL 151.

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu anafanya ni kuongeza ukubwa wa akiba. Nakuomba usianzie hapo. Kama kuna sehemu inachukua koneksheni hairudishi, ukiongeza kutoka 10 mpaka 50 umeahirisha tu, badala ya kuganda saa nne itaganda saa kumi. Tafuta kwanza anayevuja.

Kwenye Go anayevuja ni `rows` ambayo haijafungwa. Ukiandika `db.Query` alafu ukatoka katikati ya luupu kwa `return`, ile koneksheni inabaki imeshikwa. `defer rows.Close()` mara tu baada ya kuangalia kosa, bila kufikiri. Na Go yenyewe haina kikomo cha koneksheni usipoweka `SetMaxOpenConns`, kwa hiyo kuvuja kwake kunajitokeza kama seva kujaa, ndo maana watu wanailaumu PostgreSQL. Chapisha `db.Stats()` kila dakika, ukiona `InUse` inapanda haishuki basi.

Kwenye Node ni `pool.connect()` bila `release()` ndani ya `finally`. Njia ya kawaida imerudisha, njia ya kosa haijarudisha, kwa hiyo kila kosa moja linakula koneksheni moja. Kwenye Java HikariCP ina `leakDetectionThreshold`, weka labda 20000 itakuonyesha mpaka mstari wa msimbo uliochukua koneksheni ikachelewa kuirudisha, hii ni zawadi kubwa sana na watu hawaitumii. SQLAlchemy tumia `with Session() as s:` kila mahali, acha kutengeneza sesheni ya dunia nzima juu ya faili.

Kuna kuvuja kwingine ambako sio kuvuja: koneksheni imeshikwa wakati programu inafanya kazi isiyohusu databesi. Umefungua muamala (kundi la kweri zinazokubaliwa zote au kurudishwa nyuma zote), umesoma oda, alafu ndani ya muamala huo huo unapiga simu kwa API ya malipo ya nje inayochukua sekunde nane. Kwa sekunde nane zote koneksheni imekaa bure. Kwenye PostgreSQL utawaona kirahisi:

```
SELECT pid, state, now() - xact_start AS muda, query
FROM pg_stat_activity
WHERE state = 'idle in transaction'
ORDER BY muda DESC;
```

Hiyo kolamu ya `query` inakuonyesha kweri ya mwisho waliyofanya kabla hawajakaa kimya, kwa hiyo unaitafuta kwenye msimbo wako unafika mlangoni kwa mwizi.

Baada ya kuziba ndo fanya hesabu. Akiba ni ya kila prosesi, sio ya programu nzima. Prosesi 8 za kuhudumia, kila moja ina 5 na ziada 10, hiyo ni 8 × 15 = 120, na seva inaruhusu 100. Programu itakaa miezi bila shida mpaka siku yenye watu wengi.

Kinyume chake ni programu isiyo na watu. Asubuhi mtu wa kwanza anapata kosa, akirudia inakubali. MySQL inakata koneksheni iliyokaa kimya sekunde 28800, yani masaa 8, na akiba yako haijui kama imekatwa, unapata `MySQL server has gone away`. SQLAlchemy weka `pool_pre_ping=True`, Hikari hakikisha `maxLifetime` ni fupi kuliko muda wa seva. Na kama hiyo 2006 inakuja ukiwa unaandika kitu kikubwa kama picha, sababu ni nyingine kabisa, ni `max_allowed_packet`.

Imesema imehifadhi, ukiangalia hakuna kitu

Hakuna kosa, hakuna onyo, data haipo. Hapa tofauti ya lugha ndo inaua. JDBC kwa kawaida kila kweri inajihifadhi yenyewe. Draiva za Python zinazofuata PEP 249 (kanuni ya Python ya draiva za databesi) kwa kawaida HAZIJIHIFADHI, usipoita `conn.commit()` koneksheni ikifungwa kila kitu kinarudishwa nyuma kimya kimya. Mtu aliyetoka Java akaja Python anaanguka hapa wiki ya kwanza. Django juu yake imewasha kujihifadhi, kwa hiyo ukizoea Django ukaenda psycopg2 tupu unaanguka pia. Na SQLAlchemy 2.0 imeondoa ile ya zamani ya kuhifadhi yenyewe kwenye INSERT na UPDATE, msimbo wa zamani unakimbia bila kulalamika.

Ndugu yake ni `current transaction is aborted, commands ignored until end of transaction block`. Hili sio kosa, ni mwangwi wa kosa. Kweri ya kabla yake ilishindwa, wewe ukaikamata na `except` ukaendelea kama hakijatokea kitu, PostgreSQL inakataa yote mpaka ufanye rollback. Panda juu kwenye logi utafute la kwanza.

Kwenye Node kuna moja mbaya zaidi:

```
await pool.query('BEGIN')
await pool.query('UPDATE akaunti SET salio = salio - 500 WHERE id = 1')
await pool.query('UPDATE akaunti SET salio = salio + 500 WHERE id = 2')
await pool.query('COMMIT')
```

Inaonekana sawa kabisa. Ila `pool.query` kila mara inachukua koneksheni yoyote iliyo huru, kwa hiyo BEGIN inaweza kwenda kwa moja na UPDATE kwa nyingine. Ukijaribu peke yako inapita kwa sababu ni ile ile inarudi kila mara, wakija watu kumi pesa zinatoka upande mmoja haziingii wa pili. Chukua `const c = await pool.connect()`, fanya yote manne kwa `c`, rudisha kwenye `finally`.

GORM nayo ina tabia hii: `Updates` ukiipa struct inaruka thamani za sifuri. Unataka kuweka `Active: false` au `Salio: 0`, inaona ni tupu inaacha. Ipe map, au taja kolamu kwa `Select`.

Ukurasa ni mzito na kweri ukiipima ni nyepesi

Washa kuona SQL kwanza. `echo=True` kwa SQLAlchemy, logi ya `org.hibernate.SQL` kwa Hibernate, `DB::listen` Laravel, `log: ['query']` Prisma, `LogTo` EF Core, `db.Debug()` GORM. Fungua ukurasa mara moja tu, hesabu. Ukiona kweri moja ya oda alafu 200 zinazofanana zikitofautiana namba ya mteja tu, umeshaupata ugonjwa: umechukua oda 200 kwa mpigo, alafu kwenye luupu ukagusa `oda.mteja.jina` na ORM kila ukigusa inakimbia databesi. Kila moja ni milisekunde mbili, ndo maana logi ya kweri nzito haioni kitu, ila 201 × 2 ni karibu nusu sekunde, na seva ikiwa mbali kidogo ni sekunde kadhaa.

Dawa ni kuiambia mapema utahitaji nini. Django `select_related` kwa kitu kimoja na `prefetch_related` kwa orodha, SQLAlchemy `selectinload`, Rails `includes`, Laravel `with`, EF Core `Include`, Hibernate `JOIN FETCH`. Ila usiunganishe orodha mbili kwa JOIN moja, oda yenye bidhaa 30 na malipo 20 inarudi mistari 600. Hibernate ikiona hivyo kwa List mbili inagoma na `MultipleBagFetchException`, na watu wanabadilisha List kuwa Set ili inyamaze. Imenyamaza kweli, ila mistari 600 bado inasafiri. Vunja iwe kweri mbili.

Ugonjwa huo huo una sura ya pili: `LazyInitializationException` ya Hibernate, `DetachedInstanceError` ya SQLAlchemy, na ukiwa kwenye async `MissingGreenlet`. Zote zinasema kitu kimoja, umegusa data ambayo haijaletwa: kwa mbili za kwanza sesheni imeshafungwa, kwa ya tatu ORM imejaribu kukimbia databesi kimya kimya mahali ambapo async hairuhusu. Suluhisho sio kuacha sesheni wazi mpaka mwisho wa ombi, ukifanya hivyo unarudi kwenye koneksheni kushikwa bure pale juu. Leta data unayoihitaji kabla hujafunga. Kwa SQLAlchemy ya async ongeza `expire_on_commit=False`, maana baada ya commit inasahau kila kitu ikitaka kusoma upya.

Data imerudi ila ya ajabu

Node na PostgreSQL: `COUNT(*)` inarudi kama maneno, sio namba. Aina yake ni bigint, na namba za JavaScript zinaaminika mpaka 9007199254740991 tu, kwa hiyo draiva ya `pg` inaogopa kupoteza tarakimu inakupa stringi. Una kurasa `"5"`, unajumlisha moja, unapata `"51"`, na mtumiaji anapelekwa ukurasa wa hamsini na moja. Ukiwa na uhakika ni namba ndogo andika `COUNT(*)::int`. Kwa vitambulisho vikubwa na pesa acha stringi kama ilivyo, imekulinda.

Java `getInt` ikikutana na NULL inakupa 0. Kimya. Mteja ambaye hajajaza umri anakuwa na miaka sifuri, uliza `wasNull()` au tumia `getObject`. Go yenyewe inapiga kelele, `converting NULL to string is unsupported`, tumia `*string` au `sql.NullString`. Na Go na MySQL tarehe zikikataa kuingia kwenye `time.Time`, ongeza `parseTime=true` kwenye anwani ya koneksheni.

Masaa yamesogea matatu au matano? Kwa PostgreSQL tumia `timestamptz` kila mahali, haihifadhi eneo la saa, inageuza kuwa UTC ikiingia na kurudisha kwa saa ya sesheni ikitoka. `timestamp` tupu inaandika ulichompa bila kuuliza. MySQL `TIMESTAMP` inageuza, `DATETIME` haigeuzi, na hiyo TIMESTAMP inaishia tarehe 19 Januari 2038. Npgsql toka 6.0 inakataa kabisa DateTime ya saa ya mahali kwenye timestamptz, wengi waliichukia, mimi naona walifanya vizuri.

Emoji zinaleta `Incorrect string value: '\xF0\x9F...'` kwa sababu `utf8` ya MySQL ni ya baiti tatu, weka `utf8mb4` kwenye jedwali NA kwenye koneksheni.

Jedwali lipo unaliona kwa macho ila draiva inasema halipo: kwenye PostgreSQL jina lisilo na alama za kunukuu linageuzwa herufi ndogo, na Prisma au Sequelize zilitengeneza `"User"` kwa alama hizo, kwa hiyo ukiandika kwa mkono `SELECT * FROM User` hulipati, na kibaya zaidi `user` ni neno la PostgreSQL lenyewe kwa hiyo linakurudishia jina la uliyeingia naye. Kwenye MySQL Windows haijali herufi kubwa na ndogo za majedwali, Linux inajali, ndo maana inakimbia kwako inakufa ukipandisha.

`prepared statement "S_1" already exists` ikianza mara tu mlipoweka PgBouncer (mgawaji wa koneksheni anayekaa mbele ya PostgreSQL), hiyo ni kwa sababu katika hali ya muamala kila muamala unaweza kupata koneksheni tofauti ya seva, draiva inadhani iko pale pale. Pandisha PgBouncer mpaka 1.21 au zaidi na uweke `max_prepared_statements`, au kama huwezi kuigusa, kwa Java weka `prepareThreshold=0` kwenye URL. Na SQLite ikisema `database is locked`, inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati, washa WAL (mabadiliko yanaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni), ongeza muda wa kungoja, fupisha miamala. Ikiendelea baada ya hapo na una prosesi nyingi zinazoandika, hamisha hiyo kazi kwenye PostgreSQL au MySQL.